Kamati ya Kumpa Jina Mkuu

Nchi ninayoisimulia ni nchi ya amani, na anayesema vinginevyo hukamatwa kwa amani. Natanguliza hilo ili msomaji asije akashtuka bure huko mbele.

Mkuu wetu alikuwa ametutawala kwa muda mrefu sana. Mwaka mmoja alialikwa Uchina, akapokewa vizuri, akapelekwa kwenye jumba la makumbusho. Aliyemtembeza ni binti mpole mwenye miwani. Binti akamweleza kwamba wafalme wa kale wa kule, wakiwa hai, hakuna aliyethubutu kuwataja kwa jina walilozaliwa nalo. Walipokufa, maofisa waliketi wakapima matendo yao, kisha wakawapa jina la kuitwa milele. Walipewa pia jina la pili, la hekalu la mababu, ambako wajukuu wangemchomea marehemu ubani. Mfalme aliyependa elimu na kuwalea watu aliitwa Wen. Aliyepigana vita akashinda aliitwa Wu.

"Na huyu?" Mkuu aliuliza, mbele ya picha ya mfalme mnene aliyevaa hariri.

"Huyu ni Yang, Mheshimiwa. Maana yake ni aliyepotelea katika anasa akawatesa watu wake. Jina alipewa na waliokuja kukalia kiti chake."

Mkuu hakuuliza swali jingine. Walioandamana naye wanasema ndani ya ndege hakula chochote, na kila alipopitiwa na usingizi alishtuka na kushika shingo.

Aliporudi aliunda Kamati ya Taifa ya Jina la Baadaye. Alitaka jina lake lichaguliwe mapema, angali na nguvu za kulisahihisha. Waziri wa Ujenzi, ambaye hapendi kupitwa na jambo, alianza papo hapo kujenga hekalu karibu na stendi ya mabasi, likiwa na paa lililopinda kwenye pembe na nafasi ya kuegesha magari ya wageni.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo. Sheria yetu inasema kwamba kuwaza kifo cha Mkuu, hata kwa heshima, ni uhaini.

Mwenyekiti wa kwanza wa kamati alikuwa Profesa Kilomoni, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyefundisha fasihi chuo kikuu. Kwenye meza ya kamati alikaa pia Kanali Mbaruti wa Usalama, mtu mkimya aliyependa kutafuna karanga. Katika kikao cha kwanza Profesa alisimama, akafungua mikono, akasema anapendekeza jina Nuru Isiyozimika.

"Zuri," alisema Kanali. "Litaanza kutumika lini?"

"Litaanza, yaani, pale ambapo Mheshimiwa atakuwa..." Profesa alisita. Wajumbe wote walitazama meza.

"Atakuwa nini, Profesa?"

"Atakuwa amepumzika."

"Amepumzika kufanya nini?"

Profesa alijaribu kucheka. Kanali alimsubiri amalize, akafuta chumvi ya karanga vidoleni, kisha vijana wawili wakaingia na kumsaidia Profesa kubeba koti lake. Redio ilitangaza kwamba amekwenda masomoni.

Mwenyekiti wa pili alikuwa Balozi Shomvi, mtu wa hadhari aliyekaa ng'ambo miaka mingi bila kusema jambo lolote. Yeye hakutaja muda. Aliwaeleza wajumbe kwamba wafalme wa nasaba ya mwisho ya Uchina walipewa majina marefu mno, sifa moja juu ya nyingine, na kwamba hapo ndipo penye usalama. Akakusanya kila neno la sifa lililo katika lugha yetu na kuliunga kuwa jina moja. Mtangazaji aliyelisoma redioni ilibidi anywe maji katikati.

Kanali alilisikiliza lote amefumba macho.

"Kuna neno sikulisikia," alisema mwishoni. "Mpole."

"Mpole?" Balozi alipekua karatasi zake. "Nadhani tulilisahau, Kanali. Ni kusahau tu."

"Umekumbuka Simba, Radi na Mwamba. Ukasahau Mpole. Kwa hiyo kamati inaona Mheshimiwa si mpole?"

Balozi alichukuliwa. Kwa kuwa hoja yenyewe ilihusu upole, walimchukua polepole.

Basi ikafika zamu ya Bi Rehani Mkondya.

Bi Rehani alikuwa mhadhiri wa historia, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti ya chini. Katika nchi nzima ni yeye peke yake aliyewahi kusoma habari za wafalme wa Uchina, tena kwa sababu tu mwaka alioingia chuoni nafasi za kusomea historia ya Ulaya zilikuwa zimejaa. Alikuwa jikoni anachambua mchele aliposikia jina lake redioni. Ungo ulimponyoka, mchele ukatawanyika sakafuni.

Mumewe, Lugano, fundi cherehani wa sare za shule, aliingia na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mama Atupele, umesikia?"

"Nimesikia."

"Labda kuna Rehani Mkondya mwingine."

"Wamesema mhadhiri wa historia, baba Atupele."

Lugano alipiga magoti akaanza kuokota mchele, punje moja moja, kana kwamba akiuokota wote jambo lile lingefutika.

Jioni ile majirani walianza kuja. Walikuja kutoa pongezi, lakini walivua viatu mlangoni na kuketi kwenye mkeka. Mmoja alileta sufuria la wali, mwingine kuni. Wanawake walimkumbatia Bi Rehani kwa zamu, wakisema hongera kwa sauti ile ile ambayo watu husemea poleni. Mama mmoja alijisahau akaanza kulia, akatolewa nje haraka, na wenzake wakaeleza kwa sauti kubwa, ili barabarani wasikie, kwamba analia kwa furaha.

Bi Rehani aliwatazama pale mkekani. Alikuwa amewahi kukaa vile katika nyumba za watu wengine. Hakuwahi kufikiri mwenye msiba naye huwatazama wageni namna ile.

Kikao chake cha kwanza kilikuwa kimya. Hakuna mjumbe aliyetaka kusema neno, na hakuna aliyetaka kuonekana hasemi, kwa hiyo kila mmoja alikohoa kwa uangalifu. Bi Rehani aliwaambia kwamba kabla ya kutafuta jina ni lazima kamati ielewe kanuni za majina, na kanuni ni nyingi. Akaanza kuwafundisha. Alifundisha tofauti ya jina la sifa na jina la hekalu, na kwa nini waanzilishi wa nasaba waliitwa mababu. Alifundisha taratibu kadiri alivyoweza. Wajumbe walimsikiliza kwa shukrani kubwa, maana mtu anayefundishwa haulizwi maoni yake.

Kanali Mbaruti alitafuna karanga hadi mwisho, akamfuata kwenye ngazi.

"Mwalimu," alisema, "Mheshimiwa anakuita. Gari liko tayari."

Alimpeleka mwenyewe. Bi Rehani aliiweka mikono chini ya mapaja ili isionekane inavyotetemeka, akawaza kama Lugano angekumbuka kuzima jiko.

Chumba alichoingizwa kilikuwa na mapazia mazito, yamefungwa mchana kweupe. Mkuu alikuwa ameketi peke yake, amevaa soksi na kandambili, koti la sufu begani. Katika picha zilizoko kwenye kila ofisi alikuwa mtu mkubwa. Pale kwenye kochi alikuwa mzee mwenye shingo nyembamba. Kanali alisimama nje na mlango ukafungwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kunywa chai."

Kilikuwa kikombe kimoja tu, na kilikuwa mbele yake yeye Mkuu. Bi Rehani hakuelewa.

"Kunywa," Mkuu alirudia. "Kidogo tu."

Alikunywa. Mkuu alimtazama usoni kwa muda mrefu, akatazama saa, akamtazama tena. Ndipo alipovuta kikombe kwake na kunywa, kwa kiu, kama mtu aliyekuwa akikingoja tangu asubuhi.

"Huko Uchina," alisema, "hakuna aliyekataa? Watu wa chini wampe jina mkubwa wao, wote wakakubali tu?"

"Yupo mmoja, Mheshimiwa. Mfalme wa kwanza aliyeunganisha nchi yote. Alisema desturi hiyo inamfanya mtoto amhukumu baba na ofisa amhukumu mfalme. Akaifuta."

Uso wa Mkuu ulichangamka. "Huyo alikuwa na akili. Akaitwaje, sasa?"

"Aliagiza aitwe wa Kwanza. Mwanawe angeitwa wa Pili, anayefuata wa Tatu, hivyo hivyo hadi wa elfu kumi."

"Safi kabisa. Na walifika wangapi?"

Bi Rehani aliuona mtego, lakini alikuwa ameshaingia. Jibu alilijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Alifikiria kusema mia. Alifikiria kusema hakumbuki. Lakini mzee alikuwa amemkazia macho, na hofu ilikuwa imemkausha akili kiasi kwamba uongo haukuja.

"Wawili, Mheshimiwa. Wa tatu hakumaliza hata miezi miwili."

Chumbani hapakusikika kitu isipokuwa karanga, kwa mbali, nyuma ya mlango.

"Wewe ungenipa jina gani?" Mkuu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kamati bado inaendelea na..."

"Achana na kamati. Nakuuliza wewe tuliyeketi naye hapa."

"Ningekuwa nyumbani kwangu ningekuwa na jibu, Mheshimiwa. Liko jina la mfalme aliyeua wasio na hatia. Anaitwa Li." Alijisikia akisema hayo kama anamsikia mtu mwingine. "Lakini hapa ndani nimeona jambo jingine."

"Umeona nini?"

"Umeninywesha chai yako kwanza."

Alingoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Mkuu alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake, na Bi Rehani aliona kwamba mikono ya mzee yule inatetemeka kuliko yake.

"Usiku nalala kwenye chumba kingine kila mara," Mkuu alisema. "Mpishi nimembadilisha, nikambadilisha na aliyembadili. Mke wangu namsalimia kwa mbali." Akaelekeza kidevu mlangoni, akashusha sauti hadi ikawa pumzi tu. "Ataingia hapo. Yule au mwingine, lakini ni hapo."

Bi Rehani alikuwa amemwogopa mtu huyu maisha yake yote ya utu uzima, hata akiwa peke yake bafuni, na haikuwahi kumpitikia kwamba hofu ile ilikuwa na mwenzake upande wa pili wa ukuta.

"Nenda," alisema Mkuu. "Kamati iendelee. Usimalize. Unanielewa? Siku mtakapomaliza jina, wataona sasa kilichobaki ni mimi tu."

Basi Bi Rehani akafundisha. Alifundisha nasaba hadi nasaba, jina hadi jina. Akimaliza mfalme alirudi kwa baba yake mfalme. Nyumbani Lugano alimshonea kanzu nyepesi yenye mifuko ya ndani, hakusema ni ya safari gani, naye hakuuliza. Hivyo ndivyo mvua za vuli zilivyopita.

Hekalu lilipoezekwa, Mkuu akafa.

Redio haikusema amekufa, kwa sababu sheria ya uhaini bado ilikuwepo. Ilisema kwamba kuanzia leo kazi za Mkuu zitafanywa na Kanali Mbaruti, na kwamba bendera zimeshushwa nusu ili zifuliwe. Daktari wa ikulu alithibitisha kwamba ni moyo, na ili asije akabadili mawazo alipewa ubalozi katika kisiwa cha mbali.

Mkuu mpya aliiita kamati ndani ya hekalu, palipokuwa bado na harufu ya rangi. Aliwatoa wafungwa kadhaa ili watu waone tofauti. Profesa Kilomoni alirudishwa kwenye meza ya kamati akiwa amebaki nusu, koti lake likimning'inia. Alimwamkia Bi Rehani kwa kichwa tu. Balozi Shomvi hakurudi, na alipoulizwa habari zake ilisemekana bado anachukuliwa polepole.

"Ndugu wajumbe," alisema Mkuu mpya, "leo mko huru. Mpeni yule mzee jina linalomstahili. Msimwogope."

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Kisha mjumbe mmoja alisema kwa sauti ya kujaribu: "Mnyonyaji." Alipoona yuko salama alirudia kwa nguvu. Mwingine akasema Fisi. Mwingine akasimama akasema Mbu wa Taifa. Wajumbe waliokuwa wakikohoa kwa uangalifu miezi yote ile sasa walipigania nafasi ya kusema, wakapiga meza, wakakatizana. Waziri wa Ujenzi alipendekeza Kidonda, akaomba ieleweke kuwa yeye alilifikiria tangu zamani. Mkuu mpya alitabasamu na kutafuna.

Wawili tu walinyamaza. Profesa alikuwa akitazama viganja vyake. Bi Rehani alikuwa na hofu kuliko siku zote zilizopita, kwa sababu siku zile alijua hatari iko wapi.

"Mwalimu," Mkuu mpya alisema. "Wewe ndiye mwenyekiti. Mbona kimya?"

Kelele zilikatika.

"Nasikiliza, Mheshimiwa."

"Unasikiliza nini?"

"Marehemu hasikii majina haya. Anayeyasikia ni wewe."

Profesa Kilomoni alifumba macho. Mkuu mpya aliendelea kutabasamu kwa kitambo, kisha taya lake likaacha kutafuna. Alimtazama Waziri wa Ujenzi. Akamtazama yule wa Mbu wa Taifa, ambaye bado alikuwa amesimama na sasa hakujua namna ya kukaa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, vinywa hasa, kama mtu anayevihesabu.

"Tuanze upya," alisema mwishoni, na sauti haikuwa ya mtu aliyetabasamu. "Sitaki matusi. Sitaki na sifa, watu watacheka. Nataka jina la kati na kati. Jina ambalo hata mimi..." Hakumaliza. "Mwalimu, sema wewe."

Bi Rehani alisimama.

"Aliyeogopwa," alisema.

Mkuu mpya alilirudia polepole mdomoni. Alilipenda. Lilikuwa kweli, hakuna aliyeweza kulipinga, na kulikuwa na heshima ndani yake. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba jina kama hilo mtu anaweza kulibeba. Wajumbe wakapiga makofi hadi wakachoka, na kila mmoja alichungulia kuona nani ataacha wa kwanza.

Jina halikuandikwa popote. Ilipasa mtu aweke sahihi, na kila ofisi ilisema sahihi si kazi yake. Lilipelekwa kwa mdomo, kutoka ikulu hadi wizarani, kutoka wizarani hadi redioni, na kutoka redioni kwa fundi aliyepewa kazi ya kuchonga jiwe la hekalu.

Fundi huyo aliitwa Sikujua, jina alilopewa na mama yake. Alikuja nyumbani kwa Bi Rehani asubuhi moja, mavumbi ya mawe kwenye nyusi, akakataa kuingia ndani kwa sababu ya viatu.

"Shikamoo, mama. Nina swali dogo. Redioni mimi nimesikia aliyeogopwa. Mke wangu kasikia aliyeogopa. Tumebishana tangu jana. Nimeuliza wizarani, wameniambia nichonge kama nilivyosikia, na wakakata simu."

"Marahaba."

"Sasa ni yenye w au isiyo na w? Jiwe halina kifutio, mama."

Ndani, cherehani ya Lugano ilikuwa imesimama. Bi Rehani alijua anasikiliza. Alijua pia jibu lililo salama. Alikuwa amelisema mwenyewe mbele ya watu wote. Alifungua mdomo alitoe, akaiona ile mikono ya mzee ikizungusha kikombe kwenye kisahani.

Kanuni ya majina ni kupima matendo. Alikuwa amewafundisha wajumbe hilo kwa miezi. Na katika nchi nzima, aliyemwona mtu yule bila picha yake alikuwa yeye peke yake.

"Isiyo na w," alisema.

"Aliyeogopa."

"Ndiyo."

Fundi alimtazama kidogo. "Mke wangu atafurahi," alisema, akaondoka.

Bi Rehani alibaki mlangoni mpaka fundi akapotea njiani. Lugano alikuja akasimama nyuma yake. Hakumlaumu. Alisema tu, "Labda hawatasoma."

Walisoma. Siku ya kuzindua jiwe, hekalu lilijaa mawaziri, majenerali na mabalozi, stendi nzima ya mabasi ikiwa imefungwa kwa ajili yao. Mkuu mpya alivuta kitambaa, kikaanguka. Herufi zilikuwa kubwa, zimechongwa vizuri, zimepakwa dhahabu.

ALIYEOGOPA.

Mkuu mpya alisoma. Akasogea akasoma tena. Akanyoosha kidole na kukipitisha juu ya jiwe, taratibu, kutoka herufi hadi herufi, na alipofika karibu na mwisho kidole kilisimama, kikarudi, kikatafuta. Hapakuwa na kitu. Angeuliza nani? Kuuliza ni kusema kwamba jiwe la taifa lina kosa, mbele ya mabalozi, na kwamba kosa lenyewe amelizindua yeye. Na pengine, nadhani tu, aliogopa kwamba akiuliza ataambiwa hakuna kosa.

Aligeuka akawatazama watu. Katika safu ya pili Bi Rehani alihisi macho yale yakimfikia yakakaa. Pembeni yake Profesa Kilomoni alikuwa amejishika koti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayejiandaa kulibeba tena.

"Someni," alisema Mkuu mpya.

Kisha Waziri wa Ujenzi, mwenye macho mazima kabisa, alipaza sauti: "Aliyeogopwa." Majenerali wakafuata. Wakafuata mabalozi, makatibu, askari wa magwaride, wote wakikaza macho kwenye lile jiwe la dhahabu na kuisoma herufi isiyokuwepo. Profesa aliisoma. Bi Rehani naye, amevaa ile kanzu aliyoshonewa, aliisoma kwa sauti kubwa kuliko wote.